Kerckhoffs: Mwalimu wa lugha aliyetufundisha kulinda funguo za programu

Wewe unayeandika programu usiku pale Ukunda, Msambweni ama Kwale mjini, kuna babu mmoja unafaa kumjua. Alikufa mwaka wa 1903. Hakuwahi kuona kompyuta hata kwa picha. Hakuwa mhandisi wala mwanajeshi. Alikuwa mwalimu wa lugha, wale wa kusahihisha insha kwa wino mwekundu. Lakini kila mara programu yako inapobisha hodi kwenye seva ya mbali na kuulizwa ni nani, jibu inalotoa linafuata kanuni aliyoandika huyu mzee zaidi ya miaka 140 iliyopita.

Jina lake ni Auguste Kerckhoffs. Kama hujawahi kumsikia, usijali. Wengi wanaotumia akili yake kila siku hawamjui pia.

Mtoto wa majina saba

Alizaliwa tarehe 19 Januari 1835 katika kijiji cha Nuth, eneo ambalo leo ni kusini mwa Uholanzi, karibu na mipaka ya Ubelgiji na Ujerumani. Wazazi walimpa majina kama treni: Jean-Guillaume-Hubert-Victor-François-Alexandre-Auguste, kisha ukoo Kerckhoffs von Nieuwenhof. Alipokua akayakata yote, akabaki na Auguste Kerckhoffs. Hata wewe ungeyakata.

Ukiangalia pale alipozaliwa utaelewa kwa nini alipenda lugha. Ukitembea kidogo upande huu unasikia Kiholanzi, upande ule Kijerumani, mbele kidogo Kifaransa. Ni kama mtoto wa Lunga Lunga anayekua na Kidigo nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza shuleni, halafu akivuka mpaka kidogo anakuta Kiswahili cha Kitanzania. Alisoma Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, akafundisha lugha nchini Uholanzi, kisha akahamia Ufaransa na kuwa mwalimu katika mji wa Melun, kusini mashariki mwa Paris. Baadaye alikwenda Ujerumani kuongeza masomo hadi akapata shahada ya udaktari. Aliporudi akapewa kazi Paris, kufundisha Kijerumani katika shule ya juu ya biashara, ile inayojulikana kama HEC.

Kufikia hapo ni maisha ya mwalimu wa kawaida tu. Vitabu, chaki, mshahara wa mwisho wa mwezi. Kilichombadilisha ni waya.

Vita na waya

Mwaka wa 1870 Ufaransa iliingia vitani na Prussia, ikapigwa vibaya, na Paris yenyewe ikazingirwa. Baada ya aibu hiyo Wafaransa walianza kujiuliza maswali magumu kuhusu jeshi lao, na moja lilikuwa hili: ujumbe wa siri unatumwaje?

Zamani jenerali aliandika barua, akampa mjumbe anayemwamini, basi. Kitabu cha maneno ya siri kilikaa kwa watu wachache. Lakini telegrafu ilikuwa imefika, na telegrafu haina adabu ya mjumbe. Ujumbe unapita kwenye waya unaoweza kugongwa, mikononi mwa makarani usiowajua, na vituo vinavyotumia mfumo ule ule ni vingi. Adui akiteka kituo kimoja na kupata kitabu cha siri, jeshi zima limevuliwa nguo.

Hapa kwetu mambo yalikuwa yanabadilika vilevile. Kebo ya telegrafu ya chini ya bahari ilifika Zanzibar mwaka wa 1879. Miaka hiyo hiyo, Mbaruk bin Rashid al-Mazrui alikuwa amejikita Gazi, hapo kati ya Diani na Msambweni, akivutana na Sultani wa Zanzibar. Barua za Gazi ziliendelea kubebwa na watu, kwa miguu na kwa majahazi. Mjumbe ulimjua kwa uso na ukoo. Waya wa Zanzibar ulikuwa unakuja na shida mpya kabisa: unamjuaje mtu usiyemwona, na unamfichaje siri yule anayeshika waya wenyewe?

Sasa fikiria huduma za wingu unazotumia leo. Wingu ni jina la kupendeza tu. Maana yake ni kompyuta za watu wengine unazokodi kupitia intaneti. Kama umeweka seva yako kwenye kituo cha Amazon kilichofunguliwa Cape Town mwaka wa 2020, ujumbe kutoka Diani unapita kwenye mitambo mingi ya watu usiowajua kabla haujafika. Shida ni ile ile ya mwaka wa 1879. Kilichoongezeka ni kasi.

Sheria sita za 1883

Mwezi wa Januari na Februari 1883, Kerckhoffs alichapisha makala ndefu yenye sehemu mbili katika jarida la sayansi za kijeshi la Ufaransa. Kichwa chake kilikuwa La Cryptographie militaire, yaani maandishi ya siri ya kijeshi. Alikuwa na miaka 48. Humo ndani aliweka masharti sita ambayo mfumo wowote wa siri wa jeshi lazima uyatimize. Nitakueleza kwa maneno yangu.

Kwanza, mfumo usivunjike kwa vitendo, hata kama mwanahisabati anaweza kubishana kwenye karatasi. Pili, mfumo wenyewe usihitaji kufichwa; ukianguka mikononi mwa adui, kusiwe na hasara. Tatu, ufunguo uweze kupitishwa na kukumbukwa bila kuandikwa popote, na wahusika waweze kuubadilisha wakati wowote wakitaka. Nne, uweze kutumika kwenye telegrafu. Tano, ubebeke, mtu mmoja autumie peke yake. Sita, uwe rahisi, usimtese mtumiaji wala kumpa orodha ndefu ya masharti ya kukariri.

Ile ya pili ndiyo inayoitwa Kanuni ya Kerckhoffs mpaka leo. Wakati huo ilikuwa kama kichaa. Watu wengi waliamini usalama ni kuficha kila kitu: mashine, mbinu, kitabu. Yeye akasema hapana. Chukulia adui anajua kila kitu isipokuwa ufunguo. Ukiweza kulala usingizi hata hivyo, basi mfumo wako ni mzuri.

Sababu yake ni ya mtu anayejua binadamu. Mbinu inajulikana na watu wengi: anayeitengeneza, anayeifundisha, anayeitumia, anayefukuzwa kazi akiwa na hasira. Siri ya watu elfu moja si siri tena. Halafu mbinu ikivuja, kuibadilisha ni kazi ya miaka. Ufunguo ukivuja, unaubadilisha jioni hiyo hiyo.

Angalia kufuli uliyonunua dukani Ukunda. Kufuli kama hiyo imeuzwa kwa mamia ya watu, na fundi yeyote anajua inavyofanya kazi ndani. Mlango wako bado uko salama kwa sababu ufunguo ni wako peke yako. M-Pesa pia iko hivyo. Kenya nzima inajua hatua za kutuma pesa, hata bibi yako anazijua kwa mpangilio. Kinachomzuia mwizi ni namba nne tu zilizo kichwani mwako.

Tuyalete Diani

Tuseme unatengeneza programu ya kuuza nafasi za boti kutoka Shimoni kwenda Kisite. Mtalii anachagua siku, analipa kwa M-Pesa, picha na tiketi zinahifadhiwa kwenye wingu. Programu yako inahitaji kujitambulisha mara mbili: kwa Daraja, ambao ni mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, na kwa kampuni ya wingu.

Hutaandika kila kitu kutoka sifuri. Utachukua laibrari, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, ukauita kwenye programu yako. Kwa Amazon, wanaotumia Python huchukua boto3. Laibrari hiyo iko wazi. Mtu yeyote duniani anaweza kuisoma mstari kwa mstari, pamoja na mwizi. Ukishangaa kwa nini kampuni kubwa hivyo inaanika msimbo wake wa kujitambulisha hadharani, jibu ni sharti la pili la Kerckhoffs. Laibrari ndiyo kufuli, na kufuli hujulikana. Siri ni ufunguo.

Sasa tuangalie Daraja inavyofanya. Unapewa vitu viwili, ufunguo wa mteja na siri ya mteja. Laibrari inaviunganisha kwa nukta mbili, inavigeuza kwa mtindo wa base64, inavituma, na inarudishiwa tokeni inayodumu takriban saa moja. Baada ya hapo kila ombi linabeba ile tokeni, mpaka iishe muda na laibrari iombe nyingine. Tokeni ikiibiwa, mwizi ana muda uliobaki wa hiyo saa moja tu. Ni kama tokeni ya stima: zile namba 20 zinafanya kazi kwenye mita moja tu, jirani akiziona zikishaingizwa hazimfai kitu.

Lakini simama hapo kwenye base64, maana vijana wengi huteleza. Ukitazama maandishi yaliyogeuzwa kwa base64 yanaonekana kama siri kubwa, herufi na namba zimevurugika. Kumbe hayana ufunguo wowote. Mtu yeyote anayarudisha kama yalivyokuwa kwa sekunde moja. Kinacholinda safari yake ni muunganisho wa HTTPS, basi. Kerckhoffs angelitambua kosa hilo papo hapo: kitu kinachotegemea adui asijue mbinu si ulinzi, ni kujifunika shuka na kudhani umejificha.

Na kosa linaloumiza zaidi ni hili. Kijana anaandika ufunguo moja kwa moja ndani ya programu, kwa sababu ni haraka na inafanya kazi. Kisha anapakia kazi yote GitHub ili aonyeshe watu. Hapo ametia ufunguo ndani ya kufuli na kuigawa kufuli sokoni. Ama anauweka kwenye programu ya simu, akidhani ikishakuwa APK hakuna atakayeona. APK inafunguliwa kama mfuko wa sambusa.

Usidhani ni makosa ya wanaoanza tu. Mwaka wa 2016 wavamizi waliingia kwenye hifadhi ya msimbo ya wahandisi wa Uber huko GitHub. Haikuwa hata ya wazi, ilikuwa ya faragha. Ndani wakakuta funguo za Amazon, wakazitumia, wakaondoka na data za watu milioni 57, abiria na madereva. Kampuni iliwalipa dola 100,000 na dunia ikajulishwa mwaka uliofuata. Wahandisi wa mishahara minono walisahau sharti la tatu la mwalimu wa Kijerumani: ufunguo usiandikwe kwenye kitu kinachoweza kuanguka mikononi mwa adui.

Utaniambia, nani atakariri ufunguo wa siri wa Amazon wenye herufi 40? Hakuna. Kwa hivyo laibrari zenyewe zimetafuta njia. Usipoipa boto3 funguo ndani ya msimbo, inaenda kuzitafuta yenyewe: kwanza kwenye vigezo vya mazingira ya kompyuta, kisha kwenye faili maalumu nje ya mradi wako, na mwisho inaiuliza seva yenyewe kama imepewa wajibu fulani. Hii ya mwisho ndiyo tamu zaidi. Seva inapewa funguo za muda zinazobadilika zenyewe, na wewe mwenyewe huzioni. Google na Microsoft wana mpangilio kama huo. Kubadilika wakati wowote, bila kuandikwa popote kwenye mradi: mzee alisema hivyo mwaka wa 1883.

Hata sharti la sita limo. Kujitambulisha kukiwa na usumbufu, watu watatafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ndiyo mlango wa mwizi. Laibrari nzuri inafanya njia salama iwe ndiyo rahisi.

Lugha iliyokufa kwa sababu ya mwenyewe

Maisha ya Kerckhoffs yana upande mwingine ambao wanaoandika kuhusu kompyuta huupita haraka. Mimi naona ni hadithi ile ile.

Miaka hiyo padri mmoja Mjerumani, Johann Martin Schleyer, alikuwa ametunga lugha ya dunia nzima. Aliiita Volapük. Kerckhoffs, mpenda lugha, aliingia mzima mzima. Aliandika vitabu vya kuifundisha, akaieneza Ufaransa, na katika kongamano la Munich mwaka wa 1887 akachaguliwa kuwa mkurugenzi wa akademia yake. Mwaka wa 1889 kongamano lilifanyika Paris na watu wakaendesha mjadala kwa Volapük yenyewe. Vilabu vilipita 280. Ilionekana dunia imepata lugha.

Halafu ugomvi. Kerckhoffs na wenzake walitaka kuirahisisha lugha, waijadili wazi, waondoe yanayowachosha wanafunzi. Schleyer akasema lugha ni yake, neno la mwisho ni lake. Wakavutana. Mwaka wa 1891 Kerckhoffs aliachia ngazi, na kufikia wakati huo watu walikuwa tayari wanahama. Wengi walikwenda kwenye Kiesperanto, ambacho mtungaji wake, Zamenhof, alikiachia watumiaji bila kudai umiliki.

Unaona? Mtu aliyesema mfumo mzuri unastahimili macho ya kila mtu alishuhudia mfumo mwingine ukianguka kwa sababu mwenyewe hakutaka uguswe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Laibrari iliyo wazi inakaguliwa na maelfu ya macho, makosa yanaonekana, yanarekebishwa. Msimbo wa kujitambulisha ulioutunga peke yako chumbani ukauficha, makosa yake utayajulishwa na mwizi.

Baada yake

Kerckhoffs alifariki Agosti 1903 akiwa na miaka 68. Hakuacha kampuni wala utajiri wa kutajwa. Aliacha kurasa.

Mwaka wa 1949 Claude Shannon, Mmarekani aliyeweka msingi wa hisabati ya mawasiliano, alisisitiza wazo hilo hilo kwa njia yake: panga kazi yako ukichukulia kwamba adui anaujua mfumo. Serikali ya Marekani ilipotaka njia mpya ya kufunga data, ilitangaza shindano la wazi kwa dunia nzima, wataalamu wakaalikwa kuzishambulia mbinu za wenzao hadharani. Walioshinda walikuwa Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Mbinu yao ilichapishwa rasmi mwaka wa 2001 kwa jina la AES. Leo inalinda simu yako, benki yako na Wi-Fi ya hoteli pale Diani. Kila mtu anaweza kuisoma. Funguo ndizo zisizosomwa.

Wewe sasa

Ukanda wetu hauna kampuni kubwa za teknolojia za kukufundisha haya ukiwa kazini. Wengi wetu tunajifunza wenyewe, kwa simu na laptopu ya mkono wa pili, wengine bila kumaliza chuo. Hilo lisikutie unyonge. Kerckhoffs naye alikuwa mgeni kwenye fani hii. Lakini lina hatari yake: hakuna bosi atakayekukagua kabla hujapakia. Na mteja wako wa kwanza huenda ni mwenye boti ama mwenye nyumba za wageni anayekujua wewe na mama yako. Bili ya wingu iliyopandishwa na wezi inakuja kwa dola, naye hatauliza base64 ni nini. Atakuja nyumbani kwenu.

Kwa hivyo usiku wa leo fungua mradi wako, tafuta kila mahali palipoandikwa ufunguo. Uhamishie kwenye vigezo vya mazingira ama faili ya .env, na jina la faili hiyo uliandike kwenye .gitignore kabla ya kupakia chochote. Kama ufunguo ulishafika GitHub, kufuta ule mstari hakusaidii, kwa sababu historia ya kazi bado inauonyesha. Ufute ufunguo wenyewe kule ulikotoka, utengeneze mpya. Kisha upe kila ufunguo ruhusa za kazi yake tu. Programu inayohifadhi picha za boti haina haja ya ruhusa ya kuwasha seva ishirini.

Ukimaliza jiulize swali la Kerckhoffs. Mtu akisoma programu yako yote sasa hivi, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kuna atakachoiba? Kama jibu ni hapana, nenda ulale.